Mshahara wa Pili wa Karani

Kabla adhana ya alfajiri haijakwisha, milango ya nyumba za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju huanza kufunguliwa kimya kimya. Anatoka mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi usiku, suruali imekunjwa hadi chini kidogo ya magoti, ndara miguuni, na viatu vyake vya ngozi vimo ndani ya mfuko mkononi. Mvua ikinyesha, njia ya kutoka kwake hadi lami ni tope tupu; basi viatu vya ofisi havikanyagi tope hilo. Akifika lami ataifuta miguu yake, atavaa viatu, ndara atazitia mfukoni, naye atageuka kuwa karani.

Sisi ambao riziki yetu ni kalamu na meza twamfahamu mtu huyu vyema, kwa kuwa ni sisi wenyewe. Pia twajua wasemavyo watu juu yetu. Husema kwamba mtu wa ofisini amestarehe: anakaa kivulini, feni yampepea, na mikono yake haina sugu. Hatutaki kubishana nao. Kuli wa bandarini na mwashi wa juani hufanya kazi ngumu kuliko yetu, na aibu ingetupata kama tungesema vingine. Lakini kuna jambo moja ambalo kuli, mwashi na karani wanaokaa pembezoni mwa mji wetu wanashiriki sawasawa, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mfanyakazi ana mishahara miwili. Wa kwanza huhesabiwa kwa shilingi, nao hufika mwisho wa mwezi. Wa pili huhesabiwa kwa saa, nazo ni zile saa zinazombakia baada ya kumpa tajiri haki yake: saa za kula na watoto, za kusoma, za kukaa barazani na jirani, za kwenda mkutanoni na kulala usingizi wa kutosha. Mshahara wa kwanza twaupigania, tukauandikia barua na kuupelekea wajumbe. Mshahara wa pili twauacha unaliwa na barabara, na hatusemi neno.

HESABU YA SAA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari. Ofisi za serikali huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, yaani saa 8. Tumchukue karani anayekaa Bunju, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya mji. Aondoke kwake saa 11 alfajiri, afike mezani saa 1:15. Jioni atoke saa 9:30, asimame kituoni akisukumana na wenzake, apande, akwame, ashuke, atembee, afike mlangoni saa 12:15. Asubuhi ametumia saa 2 na robo, jioni saa 2 na dakika 45. Jumla ni saa 5 kwa siku, saa 25 kwa wiki. Wiki 48 za mwaka, tukiondoa likizo, zampotezea saa 1,200. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8 utapata siku 150 za kazi ambazo hakuna aliyezilipa.

Na hiyo ni siku njema, ambayo gari limepatikana. Wasiolipata hufanya kile tunachokiita kugeuza: hupanda gari liendalo mwisho wa njia, mbali na mji, ili wapate kiti litakapogeuka. Mtu hulipa nauli mara mbili kwa ajili ya kukaa. Wengine, na miongoni mwao watu wazima wenye tai shingoni, huingia kwa dirisha. Na mvua za masika zikiujaza Msimbazi, barabara ya Jangwani hufungwa, na mji hugawanyika vipande viwili.

Sheria haikumsahau mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kwamba aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Na kwamba kila mwaka apewe likizo ya siku 28 yenye malipo. Hayo ni matunda ya mapambano marefu ya wafanyakazi, wala si zawadi. Lakini sheria huanza kuhesabu pale mtu anapoketi kitini. Zile saa tano za barabarani haizioni.

Kwa akina mama jambo hili ni chungu zaidi. Mwanamke wa ofisini huamka kabla ya mumewe, huteka maji, huchemsha uji, huwaandaa watoto wa shule, kisha hupanda gari lile lile. Sheria tuliyoitaja humpa mama anayenyonyesha ruhusa ya hadi saa 2 kwa siku ili amnyonyeshe mtoto wake. Ni haki nzuri sana ikisomwa kitabuni. Lakini mama wa Bunju au wa Chamazi afanye nini nayo? Akitoka ofisini saa 5 mchana, saa 2 hizo huenda zikamwishia njiani kabla hajamfikia mtoto wake. Haki yake ipo, ila barabara imekwisha kuila.

MJI ULIOTENGA KULALA NA KUFANYA KAZI

Mambo haya hayakuzuka jana. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Mwafrika akawekwa Kariakoo na kwingineko. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi walipozidi, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kupangisha Ilala, Magomeni na Temeke, na kupima viwanja pembezoni, Kinondoni ikiwamo. Jina la Temeke Kota latukumbusha hayo hadi leo. Nia yake ilikuwa mfanyakazi apate mahali pa kulala. Hapakuwa na nia ya kumpelekea ofisi alipo. Mezani kwake palibaki kule kule, karibu na bandari.

Hata hivyo mji ulikuwa mdogo. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 129,000, na kwa sensa ya mwaka 1967 walikuwa 272,000 na ushei. Karani wa Temeke au Kinondoni aliweza kwenda kazini kwa baiskeli, na wengi walikwenda kwa miguu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 5,380,000. Temeke na Kinondoni, zilizokuwa mwisho wa mji, leo ni karibu. Anayepanga chumba huko anahesabiwa kuwa amebahatika. Ile Temeke ya mwaka 1957 imehamia Chamazi na Chanika, na ile Kinondoni imehamia Bunju na Goba. Pembezoni pamesogea, lakini meza ya karani bado iko pale pale.

Juhudi zimefanywa, nasi hatutazidharau. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974. Lilipozidiwa, mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983, tukayapa jina la daladala. Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye njia yao wenyewe, na Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala nayo ilijengewa njia za namna hiyo. Aliyewahi kutoka Kimara hadi mjini bila kukwama ajua maana yake: siku hiyo amerudishiwa mshahara wake wa pili. Lakini siku basi linapochelewa na watu wakajazana kituoni kama dagaa guniani, mshahara huo hukatwa tena bila taarifa.

RAHA NDOGO SI UPUUZI

Huenda msomaji akasema: je, saa hizo za jioni karani angezifanyia nini? Si angekaa tu barazani akinywa kahawa? Naam, angekaa barazani akinywa kahawa. Na sisi twasema kwamba hilo si jambo dogo.

Tazama mtu anavyofika kwake mapema. Huvua suruali ya ofisi na kuitundika, akajimwagia maji baridi uani, akafunga msuli na kutoka nje. Muuza kahawa amekwisha kufika na birika lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, na kashata ziko sahanini. Upande mmoja watu wanacheza bao, upande wa pili drafti. Gazeti moja lasomwa na watu wanane, na mwenye kulinunua husoma mwisho. Hapo habari za Simba na Yanga hupimwa kwa kina kuliko bajeti ya serikali, kisha bajeti nayo hupata zamu yake. Mtoto huja na daftari la hesabu, akauliza, akajibiwa. Hakuna aliyetoa pesa nyingi, na kila mmoja amerudi kuwa mtu.

Historia yetu yaonyesha kwamba raha ndogo kama hizi zimezaa makubwa. Mwaka 1922, mjini Tanga, karani mmoja wa serikali, Martin Kayamba, aliwakusanya makarani na walimu wenzake wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Kwa macho ya wakubwa kilikuwa kilabu tu: mahali pa kusoma magazeti, kufundishana jioni na kupanga mechi za mpira. Lakini waliozoea kukaa pamoja baada ya kazi walizoea pia kusema pamoja. Mwaka 1929 kikaundwa chama cha Waafrika wa Tanganyika hapa Dar es Salaam, nacho ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kazi kubwa ya miaka ile ilifanywa na watu waliokuwa na ajira: makarani, walimu, wauza sokoni. Waliifanya jioni, na siku za mapumziko. Kama jioni zao zingeliwa na barabara kama zetu, sijui mikutano ile ingehudhuriwa na nani.

Vyama vya wafanyakazi navyo viliijua siri hiyo. NUTA, chama kikuu cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964, kilianzisha bendi yake ya muziki, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakalipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Bendi hiyo ikabadili jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Wazee wale walifahamu kwamba mfanyakazi ahitaji mahali pa kucheza dansi Jumamosi usiku, na kwamba kumpatia hapo ni sehemu ya kumtetea.

KUCHAGUA KAZI

Basi mtu achague vipi? Zamani uchaguzi wa kazi uliwatesa watu kwa namna nyingine. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu Julius Nyerere alitakiwa achague, akaacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Rashidi Kawawa aliacha kazi ya serikali mwaka 1956 ili aongoze shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hao walitupa mshahara wa uhakika kwa ajili ya jambo walilolithamini zaidi. Si kila mtu ataitwa kufanya makubwa kama hayo, lakini kila mtu huulizwa swali lile lile kwa kiasi chake: je, ni nini utakachokikubali kukipoteza, na kwa ajili ya nini?

Kwa karani wa leo njia ni tatu. Ya kwanza ni kupanga karibu, katika nyumba ya Kiswahili ya Temeke au Kinondoni, yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huko, na ua wa pamoja. Hapo saa hupatikana, ila kodi hudaiwa kwa mkupuo, miezi 6 au mwaka mzima. Ya pili ni kununua kiwanja mbali na kujenga pole pole, tofali kwa tofali. Hapo mtu hupata nyumba yake na heshima yake, lakini hulipia kwa saa kila siku ya Mungu. Ya tatu ni kuisogeza kazi yenyewe: kukubali uhamisho, kama walivyofanya watumishi wengi baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, ingawa uamuzi ni wa mwaka 1973, au kutafuta kazi karibu na nyumbani, hata kama ina mshahara mdogo.

Mwenzetu mmoja alichagua njia hii ya mwisho. Alikuwa karani wa hesabu mjini, na nyumba yake iko mbele ya Mbagala. Jumapili moja mwanawe wa miaka 3 alimnong'oneza mama yake: "Mama, mgeni ataondoka lini?" Mgeni huyo alikuwa baba. Mtoto humwacha amelala alfajiri na kumkuta amelala usiku. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenzetu akaona methali imemfikia mlangoni. Baada ya miezi minne akaacha kazi ya mjini, akaenda kuandika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, mwendo wa robo saa kutoka kwake.

Tulimcheka. Mshahara wake ulipungua kwa thuluthi moja, na duka halina kapeti wala feni. Lakini alipotoa nauli za mwezi, na chakula cha mchana ambacho sasa hula kwake, pengo likawa dogo kuliko tulivyodhani. Tusifiche upande wa pili: tajiri wake mpya hakuwa amemwandikisha katika mfuko wa hifadhi ya jamii, naye ilimbidi adai kwa miezi kadhaa hadi michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, ikaanza kupelekwa. Kama angenyamaza, angejipatia jioni na kupoteza uzee. Kwa hiyo hatumwambii kila mtu aache kazi ya mjini. Twasema tu kwamba kabla ya kukubali au kukataa kazi, mtu aandike safu mbili katika daftari lake, moja ya shilingi na moja ya saa, kisha azijumlishe zote mbili.

TUFANYE NINI?

Yako mambo ambayo mfanyakazi hawezi kuyafanya peke yake. Waajiri wanaweza kupanga saa za kuingia na kutoka zipishane, ili watu wote wasimiminike barabarani kwa wakati mmoja. Wanaweza pia kuacha desturi mbaya ya kuitisha kikao saa 9:15 alasiri, wakati gari la kwanza lenye nafasi linaondoka. Wenye kupanga mji wanapopima viwanja vipya Chanika au Bunju wakumbuke kupima na mahali pa ofisi, benki, mahakama na kituo cha kulelea watoto, ili kitongoji kisiwe bweni. Na vyama vya wafanyakazi, vinapokaa mezani kujadili shilingi, viweke pia saa mezani: usafiri wa wafanyakazi, na mahali pa kunyonyeshea watoto kazini.

Na yako tunayoyaweza sisi wenyewe. Dakika zetu 60 za mchana ni zetu kwa sheria. Tusizimalize juu ya faili huku tukitafuna andazi. Tutoke, tukakae chini ya mwarobaini kwa mama lishe, tule wali na maharage tukiongea na wenzetu kwa raha. Katika gari, aliyepata kiti asome, na aliyesimama amshikie mwenzake mzigo. Na jioni, hata ikiwa imebaki saa moja tu, tusiitupe.

Ndugu mfanyakazi, mwisho wa mwezi huu utakapoipokea karatasi yako ya mshahara, igeuze upande wa nyuma, palipo peupe. Andika pale umepata jioni ngapi za kukaa na watu wako tangu mwezi uanze. Ukiona hesabu haikupendezi, usione haya kuidai. Hakuna mhasibu atakayekudaia, na saa iliyokwisha kupita hailipwi malimbikizo.